Kihungaria na Wenyewe: Taarikhi ya Lugha Iliyo Mbali na Jamaa Zake

Katika mwaka 1055 mfalme András wa Kwanza wa Hungaria aliwajengea watawa wa Mtakatifu Benedikto nyumba ya ibada katika rasi ya Tihany, iliyochomoza ndani ya ziwa Balaton, akawawekea wakfu wa mashamba, malisho, mizabibu na mahali pa kuvulia samaki. Na kama ilivyo ada ya kila wakfu, ikalazimu hati iandikwe, asije mtu siku za mbele akadai kisicho chake. Karani aliyepewa kazi hiyo alikuwa akiandika Kilatini, lugha ya kanisa na ya madiwani yote ya magharibi wakati ule, na kwa dua, laana na sifa za mfalme Kilatini kilimtosha kabisa. Lakini alipofika penye mipaka, penye kichaka hiki na chemchemi ile, Kilatini kikamwishia. Kwani mpaka wa shamba wanaoujua ni wale walimao, wachungao na wapitao hapo kila siku, na watu hao walikuwa na majina yao kwa lugha yao. Karani akayaandika kama alivyoyasikia. Ndivyo yalivyopata kuhifadhiwa, katikati ya bahari ya Kilatini, maneno makumi kadhaa ya Kihungaria, na hati yenyewe ingalipo hata leo, imetunzwa na watawa wa Pannonhalma.

Kipande kimoja cha hati hiyo chaeleza njia iendayo mji wa Fehérvár, na humo mna maneno matatu, *hodu utu rea*, yenye maana ya "kwenye njia ya jeshi". Mhungaria wa leo angesema *hadútra*, kwa neno moja. Msomaji na alitazame hilo *rea*: lilikuwa likisimama peke yake karibu miaka elfu iliyopita, na tangu hapo limefupika, likajibanza mwishoni mwa jina, likawa *-ra*, kiambishi tu. Sisi tuna *-ni* yetu ya shambani na njiani, tuitumiayo bila kuuliza ilikotoka. Wahungaria wana bahati ya kuweza kuonyesha kwa kidole mahali na mwaka ambapo kiambishi chao kilikuwa bado neno kamili. Hata *-ban*, ielezayo kuwa ndani ya kitu, asili yake ni *bél*, yaani matumbo, au kilicho ndani. Basi asemapo mtu *házban*, "ndani ya nyumba", ametaja tumbo la nyumba pasi na kujua.

Nimeanza na karani yule kwa sababu mara nyingi habari za Kihungaria husimuliwa kama kioja: lugha ngumu, lugha ya ajabu, lugha iliyodondoka Ulaya ya kati kutoka kusikojulikana. Kwa msomaji wa Kiswahili naona kioja hicho si kikubwa kiasi hicho. Neno *látlak* limebeba mwenye kuona na mwenye kuonwa kwa pamoja, kama vile nakuona. *Szeretlek* ni nakupenda, nalo ni neno moja kama letu. Mhungaria husema *látok egy könyvet* akiwa anaona kitabu chochote, na *látom a könyvet* akiwa anakiona kile kitabu kinachojulikana, naye kitenzi chake hugeuka kwa sababu hiyo kama chetu kipokeavyo *-ki-*. *Ő* ni yeye, mwanamume kwa mwanamke. Kadhalika irabu za Kihungaria zimegawanyika, nyingine za nyuma ya kinywa na nyingine za mbele, na kiambishi sharti kifuate irabu za neno linalokibeba: *házban*, lakini *kertben*, "bustanini". Masikio yetu hayana haja ya kulistaajabia jambo hilo, maana pika huzaa pikia na soma huzaa somea, wala hakuna mama aliyekaa kitako kumfunza mwanawe kanuni hiyo. Katika *Halotti beszéd*, hotuba ya maziko iliyoandikwa karibu na mwaka 1195, ambayo ndiyo maandishi marefu ya kwanza ya Kihungaria tuliyo nayo, twakuta *paradisumben* pale ambapo leo ingetakiwa *-ban*. Kiambishi kilikuwa kimekwisha kugandamana na jina, lakini bado hakijajifunza kumfuata mwenyeji wake.

Hakuna nasaba yoyote baina ya lugha yao na yetu, na haya ni mafanano ya njia, si ya damu. Jamaa wa damu wa Kihungaria wako mbali sana. Wasemao lugha hiyo leo ni kiasi cha watu milioni 13, na katika hao zaidi ya milioni 9 wamo Hungaria yenyewe. Upande wa magharibi wamepakana na Wajerumani wa Austria, kaskazini na kusini na watu wa lugha za Kislavi, mashariki na Waromania, na katika majirani wote hao hapana hata mmoja ambaye lugha yake ina asili moja na yao. Ndugu walio karibu zaidi kwa usemi ni Wamansi na Wakhanti, jamii ndogo za wavuvi na wawindaji kandokando ya mto Ob, ng'ambo ya milima ya Ural, huko Siberia. Kisha, kwa umbali mkubwa zaidi, watu wa Ufini na Estonia. Ithibati ya udugu huo haiko katika maneno mawili matatu yafananayo kwa nasibu, bali katika mpango. Samaki kwa Kifini ni *kala*, kwa Kihungaria *hal*. Kibanda kwa Kifini ni *kota*, na nyumba kwa Kihungaria *ház*. Basi pale penye *k* ya Kifini mbele ya irabu za nyuma, Kihungaria huweka *h*. Mti ni *puu*, na kwa Kihungaria *fa*. Kichwa ni *pää*, na kwa Kihungaria *fej*. *P* imegeuka *f*. Aliyewahi kulinganisha maneno ya Kibantu ya bara na ya pwani aijua furaha ya kugundua kwamba tofauti zina sheria zake. Na kwa Wamansi udugu uko karibu zaidi: samaki kwao ni *hul*, tatu ni *hurum*, ambayo Mhungaria huiita *három*, na hata neno la farasi wanashirikiana, jambo lionyeshalo kuwa wazee wao waliwahi kupanda farasi pamoja kabla hawajaachana.

Waliachana zamani mno. Wahungaria walishika njia ya magharibi kupitia nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakichunga na kupigana, na karibu na mwaka 895, wakiongozwa na Árpád, walivuka milima ya Karpati wakaingia katika bonde la mto Danube. Si wote waliokwenda. Katika mwaka 1235 mtawa mmoja wa Kidominiko, jina lake Julianus, alitoka Hungaria pamoja na wenzake kwenda kuwatafuta wale waliobaki nyuma, kwa kuwa vitabu vya kale viliwataja. Na baada ya taabu nyingi aliwakuta karibu na mto Volga, akasema nao kwa lugha yake, wakamwelewa. Walikuwa wametengana kwa zaidi ya miaka mia tatu. Watu wale ndio waliompa habari kuwa jeshi la Wamongolia linajiandaa kuelekea magharibi. Alipotaka kuwarudia mara ya pili, alikuta Wamongolia wamekwisha kuwafagia. Na mwaka 1241 jeshi hilohilo likafika Hungaria na kulivunja jeshi la mfalme katika uwanda wa Muhi. Sijui kisa katika taarikhi ya lugha kinachonigusa kuliko hiki: jamaa waliotambuana kwa maneno ya vinywa vyao, na wakapotezana milele punde tu baada ya kutambuana.

Msafara mrefu namna ile hauwezi kumwacha mtu na mzigo aliotoka nao. Kutoka kwa watu wa jamii ya Kiirani Wahungaria walipata *híd*, daraja, na *asszony*, bibi. Kwa Waturuki wa nyikani, muda mrefu kabla ya Uthmania, walijifunza kilimo pamoja na majina yake: *búza* ngano, *árpa* shayiri, *alma* tofaa, *bor* mvinyo, *borjú* ndama, na hata *betű*, herufi, na *ír*, kuandika, hutajwa katika hazina hiyo. Walipotulia katika bonde la Danube wakawakuta Waslavi, wakachukua kwao *asztal*, meza, na *kovács*, mhunzi, na majina ya siku kama *szerda*, *csütörtök* na *péntek*, kama vile sisi tulivyozitwaa Alhamisi na Ijumaa kwa Waarabu. Kijerumani kikawapa maneno ya mjini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha, baada ya msiba wa Mohács mwaka 1526, dola ya Uthmania iliutwaa mji wa Buda mwaka 1541 na kuukalia hata 1686, na katika maneno yaliyobaki ya zama hizo mna *kávé*, ambayo ni kahawa, *dohány*, tumbaku, ambalo mjuzi wa Kiarabu atalitambua mara moja kuwa ni dukhani, moshi, na *findzsa*. Hili la mwisho ni finjani yetu hasa. Lilitoka kwa Waarabu likafuata njia mbili, moja ya jahazi za Bahari ya Hindi na nyingine ya majeshi ya Istanbul, na likapokewa pwani ya Afrika na kando ya Danube kwa kazi ileile ya kunywea kahawa.

Wako waliofikiri kuwa wingi wa maneno ya Kituruki wamaliza shauri la asili, kama walivyokuwako, na hawajaisha, wanaodhani kuwa wingi wa maneno ya Kiarabu umeifanya lugha yetu kuwa Kiarabu. Vita vya hoja hii vilianzia mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 1769 Mjesuiti Sajnovics János (majina yao nayaandika kama wenyewe wayaandikavyo, ukoo mbele) alifuatana na mwanafalaki Hell Miksa mpaka kisiwa cha Vardø, ukingoni mwa Norway, kuitazama nyota ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni. Hell alimhimiza aisikilize lugha ya Wasami, wachungaji wa kulungu wa kaskazini, na mwaka 1770 Sajnovics akatoa kitabu kwa Kilatini kudai kuwa lugha ile na Kihungaria ni moja. Alizidisha, lakini njia aliyoifungua ilikuwa sahihi, na mwaka 1799 Gyarmathi Sámuel akaitia nguvu kwa kulinganisha sarufi badala ya maneno matupu. Nyumbani wengi walichukia. Mabwana waliojihesabu kuwa kizazi cha mashujaa wa Attila hawakutaka kuambiwa kuwa jamaa zao ni wavuvi maskini, wakaubeza undugu huo kuwa ni undugu unaonuka mafuta ya samaki.

Hasira hiyo ilizaa pia mambo mema. Kőrösi Csoma Sándor, mtoto wa kijiji cha Transylvania, aliondoka mwaka 1819 kwenda Asia, sehemu kubwa ya safari kwa miguu, akitafuta chimbuko la watu wake. Hakulipata, kwa kuwa halikuwa upande ule, lakini alikaa kwenye baridi kali ya nyumba za watawa wa Ladakh na Zangskar akijifunza Kitibeti, na mwaka 1834 kamusi yake na sarufi ya lugha hiyo zikachapishwa Calcutta, akawa mwasisi wa elimu ya Kitibeti kwa watu wa Ulaya. Alifia Darjeeling mwaka 1842, akiwa bado safarini. Reguly Antal yeye alielekea kaskazini, akakaa na Wamansi na Wakhanti katika miaka ya 1840 akiandika tenzi na masimulizi yao, hata afya ikamwishia. Na Vámbéry Ármin, aliyesafiri mpaka Khiva, Bukhara na Samarkand mwaka 1863 katika mavazi ya dervishi, ndiye aliyesimama baadaye kuutetea upande wa Kituruki dhidi ya Budenz József. Budenz alishinda, na kwa haki. Alikuwa Mjerumani aliyejifunza Kihungaria ukubwani, akaja kuijua mifupa yake kuliko wengi waliozaliwa nacho. Maneno yaliyokopwa yaweza kuwa maelfu, lakini viambishi, vitenzi vya msingi na majina ya viungo vya mwili ndivyo vinavyomtaja mzazi.

Lugha hii, pamoja na umri wake, haikuwa lugha ya sheria katika nchi yake kwa karibu miaka mia nane. Biblia nzima ya Károli Gáspár ilichapishwa Vizsoly mwaka 1590, na Apáczai Csere János alijitolea kuandika ensaiklopidia ya elimu zote kwa Kihungaria, yenye tarehe ya 1653, huko Utrecht. Lakini bunge na mahakama viliendelea kwa Kilatini. Mwaka 1784 mfalme Joseph wa Pili, kutoka Vienna, aliamuru Kijerumani kiwe lugha ya serikali. Aliiondoa amri hiyo kabla ya kufa, mwaka 1790, lakini alikuwa amekwisha kuwaamsha waliolala. Watu wakajiuliza: ikiwa Kilatini kimekufa na Kijerumani ni cha wenzetu, chetu kinaweza nini?

Aliyeibeba hoja hiyo zaidi ya wote ni Kazinczy Ferenc. Alikamatwa mwaka 1794 kwa kuhusishwa na njama ya Martinovics dhidi ya utawala wa Vienna, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kifungo, akakaa gerezani siku 2387. Alipotoka mwaka 1801 alijenga maisha yake katika kijiji alichokiita Széphalom, yaani "kilima kizuri", na kutoka hapo akaandika barua kwa karibu kila mwandishi wa nchi yake, akisifu, akikosoa, akitunga maneno na kuwataka wengine watunge. Walimpinga kwa ukali. Waliosema kuwa lugha ni amana ya mababu isiyoguswa walitoa mwaka 1813 kitabu cha kuwabeza watunga maneno. Wenzake wakajibu mwaka 1815. Ghadhabu ilikuwa kubwa, na maneno yakaendelea kuzaliwa. Walitwaa *könyv*, kitabu, na *tár*, ghala, wakapata *könyvtár*, maktaba. Kutoka *ír*, kuandika, wakafanya *irodalom*, fasihi. Kutoka *von*, kuvuta, likaja *vonat*, gari la moshi. Sisi kiberiti tulikipa jina la Kiarabu la madini yake; wao walitwaa *gyújtó*, "chenye kuwasha", na *fa*, mti, wakakata katikati, wakapata *gyufa*, na leo hakuna mtoto ajuaye kuwa neno hilo liliwahi kuwa jipya. Mengi yalikufa, yaliyotungwa kwa pupa, maelfu yakaishi. Wenye kazi kama hiyo katika Kiswahili wajua jinsi neno jipya linavyochekwa asubuhi na kutumiwa jioni.

Mwaka 1825, tarehe 3 Novemba, bungeni katika mji wa Pozsony, kijana Széchenyi István alisimama akatoa mapato ya mashamba yake ya mwaka mzima ili chuo cha wanazuoni kiundwe kuilea lugha hiyo, na wakuu wengine wakamfuata. Ndio mwanzo wa Akademia ya Sayansi ya Hungaria. Sheria ya mwaka 1844 ikakifanya Kihungaria kuwa lugha rasmi ya dola. Wakaja washairi Petőfi Sándor na Arany János, na fasihi ikajaa.

Yafuatayo si mazuri, na insafu yataka yasemwe. Katika ufalme ule Wahungaria walikuwa nusu hivi ya watu, na lugha iliyokuwa imedai haki yake kwa Kijerumani ikaanza kuwanyima Waslovaki, Waromania na Waserbia haki ileile. Sheria ya shule ya mwaka 1907, iitwayo kwa jina la waziri Apponyi Albert, iliwabana walimu wa shule za makabila mengine kwa Kihungaria. Zilipofika siku za kulipa baada ya vita vikuu, ni Apponyi huyohuyo, mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyetumwa Paris mwezi Januari 1920 kuwasihi washindi. Akawahutubia kwa Kifaransa, Kiingereza na Kitaliano. Hawakumsikia. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliikata nchi theluthi mbili, na zaidi ya Wahungaria milioni 3 wakaamka ng'ambo ya mpaka bila ya kuhama majumba yao.

Wajukuu wao wako hata leo: kiasi cha milioni moja Romania, wengi wao Waszekely wa wilaya za mashariki ya Transylvania, ambako huweza mtu kukaa mwezi mzima sokoni na kanisani bila ya kusikia lugha nyingine, laki kadhaa Slovakia, wengine Vojvodina ya Serbia, na Ukraine chini ya Karpati, na katika mji mdogo wa Lendava, Slovenia, vibao vya barabarani vina lugha mbili. Kutoka Sáromberke, kijiji kimoja cha Transylvania hiyo, alitoka msafiri Teleki Sámuel, aliyepita Pangani mwaka 1887 na kwenda bara akiwa na wapagazi wa Kiswahili na msaada wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe, hata wakalifikia ziwa Turkana mwezi Machi 1888. Na mwaka 1956, uasi wa Budapest ulipozimwa kwa vifaru, watu kiasi cha laki mbili walikimbia na lugha yao hadi Kanada na Australia.

Lakini kukaa ugenini na lugha ya nyumbani ni jambo la zamani kwao, na Mikes Kelemen alilijua kuliko wote. Alimfuata bwana wake, mwanamfalme Rákóczi Ferenc, uhamishoni baada ya uasi wao dhidi ya Vienna kushindwa, na sultani akawapa makazi Rodostó, pwani ya bahari ya Marmara, mji ambao Waturuki leo huuita Tekirdağ. Mwenzake mmoja baada ya mwingine akafa. Rákóczi naye mwaka 1735. Katika miaka hiyo yote Mikes aliandika barua, 207 kwa jumla, kwa shangazi anayeishi Istanbul, akimweleza hali ya hewa, maradhi, ndoa, michezo ya wakimbizi na kuchoka kwa roho, kwa Kihungaria chepesi ambacho hakuna aliyekiandika kama yeye katika karne ile. Shangazi huyo hakuwahi kuwako. Mikes alimtunga ili apate mtu wa kusema naye. Barua ya mwisho ni ya mwaka 1758. Tauni ikamchukua mwaka 1761. Na maandishi yake yakasafiri kurudi kwao bila mwenyewe, yakachapishwa Szombathely mwaka 1794, mwaka uleule Kazinczy alipofungwa.